Kutetemeka Mikono na Tiba ya Mawimbi ya Sauti: Maswali na Majibu

Maswali haya ni ya marudio kwa wanafunzi wa utabibu na wa radiolojia. Alama zimewekwa kwenye kila swali ili ujue uandike kiasi gani. Swali la alama 2 halitaki insha. Ukiwa na usiku mmoja tu wa kusoma, anza na la 7 na la 8, maana ndiko wengi wanakoangukia.

Swali la 1 (alama 4). Esenshali trema ni ugonjwa gani? Kwa nini mkono hutetemeka unapofanya kazi na kutulia unapopumzika?

Ni ugonjwa wa mfumo wa fahamu unaofanya mikono itetemeke mgonjwa anapoinyoosha mbele au anapoitumia: kuandika, kumimina chai, kufunga vifungo vya shati. Mtetemo huenda mara 4 hadi 12 kwa sekunde. Huwa mikono yote miwili, ingawa mmoja unaweza kuzidi, na baadhi ya wagonjwa hutetemeka kichwa au sauti pia. Kwa watu wazima ni miongoni mwa magonjwa ya mwendo wa viungo yaliyoenea zaidi. Hukadiriwa kumpata mtu 1 hivi katika kila 100, na idadi hupanda sana baada ya miaka 65. Takriban nusu ya wagonjwa wana mzazi au ndugu wa damu aliyekuwa nao.

Chanzo kiko kwenye mzunguko wa mawasiliano kati ya serebelamu, thalamasi na gamba la ubongo linaloamrisha misuli. Serebelamu ndiyo inayopanga saa ya kila mjongeo: msuli upi uanze, upi ufuate, upi uachie. Kwa mgonjwa huyu mzunguko huo hujiingiza kwenye mdundo wake wenyewe, na mdundo huo hupelekwa mkononi pamoja na amri halali. Mkono usipopewa amri, mdundo hauna pa kupandia. Ukiandika tu kwamba "mishipa ya mkono imelegea," hupati hata alama moja, kwa sababu mkono wenyewe ni mzima.

Pombe kidogo hupunguza mtetemo kwa wagonjwa wengi kwa saa chache. Ni dalili ya kumuuliza mgonjwa, si dawa ya kumwandikia. Bahati mbaya watu mtaani hupindua mambo: wanaona mikono inatetemeka, wanahitimisha kwamba mzee ni mlevi.

Swali la 2 (alama 6). Fundi cherehani mwenye miaka 66 anasema hawezi tena kupenyeza uzi kwenye tundu la sindano. Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Mikono ikiwa mapajani imetulia. Akiinua kikombe, chai inamwagika. Ana pumu na anatumia salbutamoli mara kwa mara. (a) Je, huu ni ugonjwa wa Parkinson? (b) Utafanya nini kabla ya kuandika dawa? (c) Dawa ipi hutampa?

(a) Dalili haziendi huko. Mtetemo wa Parkinson huonekana zaidi mkono ukiwa umepumzika, kidole gumba na cha shahada vikisuguana, mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na kwa kawaida huanza upande mmoja. Huambatana na mwili kukakamaa na mwendo kuwa wa polepole. Fundi huyu mapajani ametulia, shida iko kwenye kazi, na kwao ipo. Mwambie aandike jina lake: mgonjwa wa Parkinson huandika herufi zinazozidi kuwa ndogo kadiri mstari unavyokwenda, wa esenshali trema huandika herufi kubwa zilizopinda-pinda.

(b) Ondoa kwanza vinavyoiga ugonjwa. Salbutamoli yenyewe hutetemesha mikono, kwa hiyo uliza anaitumia mara ngapi na kama mtetemo huzidi dakika chache baada ya kuvuta. Pima homoni za tezi ya shingo. Uliza kuhusu dawa nyingine, hasa valproeti, na kuhusu kahawa. Hapa wanafunzi wengi hurukia jina la ugonjwa, wakati swali limekupa salbutamoli waziwazi ili uione.

(c) Propranololi. Ni moja ya dawa mbili zinazotangulizwa kwa ugonjwa huu, lakini hubana njia za hewa kwa mwenye pumu na inaweza kumuua. Kwake utafikiria primidoni, ukianza na dozi ndogo sana usiku kwa sababu dozi ya kwanza huwalevya baadhi ya watu. Topirameti na gabapentini huja baadaye. Dawa hizi hupunguza mtetemo, haziponyi, na sehemu kubwa ya wagonjwa hawapati nafuu ya kutosha au huziacha kwa sababu ya madhara. Hao ndio wanaofikiriwa kwa tiba za ndani ya ubongo.

Swali la 3 (alama 1). Kweli au si kweli: MRI ya kawaida huthibitisha esenshali trema.

Si kweli. Ugonjwa hutambuliwa kwa historia na kwa kumkagua mgonjwa. MRI hufanywa kuondoa mashaka mengine, na baadaye kuongoza tiba.

Swali la 4 (alama 4). Ultrasaundi inayotumika kliniki ya wajawazito haimchomi mtu. Inawezekanaje ultrasaundi nyingine iunguze sehemu ndogo katikati ya ubongo, tena bila kuunguza ngozi ya kichwa?

Siri iko kwenye mkusanyiko. Kofia ya mashine ni nusu tufe yenye kipenyo cha sentimita 30, na ndani yake kuna vyanzo vya sauti 1,024. Kila kimoja hupeleka nishati ndogo kupitia sehemu yake ya fuvu, na njia zote hukutana sehemu moja. Kwenye ngozi nishati imesambaa kichwa kizima; kwenye kitovu imebanwa ndani ya milimita chache. Huko tishu hunyonya mawimbi, joto hupanda, na protini za chembe hai huharibika.

Lakini kukutana peke yake hakutoshi. Ni lazima mawimbi yafike yakiwa katika fezi moja, yaani yote yakipanda na kushuka pamoja. Wavuvi wanaovuta jahazi ufukweni wanalijua hili: wakiwa hamsini na kila mtu akavuta kwa wakati wake, chombo hakisogei, mmoja akiita "harambee!" na wote wakavuta kwa mara moja, kinapanda mchangani. Kompyuta ya mashine ndiyo inayoita. Hupima kwa picha za CT unene wa mfupa mbele ya kila chanzo, kisha huwahisha au kuchelewesha kila wimbi kwa sehemu ndogo mno ya sekunde ili yote yafike pamoja.

Swali la 5 (alama 3). Mashine hutumia mawimbi ya takriban kilohezi 650. Kokotoa urefu wa wimbi kwenye ubongo ukichukulia mwendo wa sauti ni mita 1,540 kwa sekunde. Kwa nini haitumiki megahezi 3.5 kama ya kliniki ya wajawazito?

Urefu wa wimbi ni mwendo ukigawanywa kwa idadi ya mawimbi kwa sekunde: 1,540 ÷ 650,000 = mita 0.00237, yaani takriban milimita 2.4. Kwa megahezi 3.5 ungepata milimita 0.44, kitovu kikali zaidi. Tatizo ni mfupa. Kadiri mawimbi yanavyokuwa mengi zaidi kwa sekunde ndivyo fuvu linavyozidi kuyanyonya na kuyatawanya. Kwa megahezi 3.5 ungepasha moto fuvu na kidogo sana kingefika ndani. Ukishuka chini mno nako, kilohezi 220 kwa mfano, kitovu hupanuka na vipovu hutokea kirahisi zaidi kwenye tishu. Kilohezi 650 ni mapatano kati ya mfupa na usahihi. Usisahau kuandika kizio, 2.4 bila "milimita" haina thamani.

Swali la 6 (alama 5). Kwa nini mgonjwa hunyolewa nywele zote, huvalishwa kofia yenye maji baridi, na hufanyiwa CT kabla ya siku ya tiba?

Nywele hushika hewa, na hewa hurudisha mawimbi ya ultrasaundi karibu yote. Hata kovu la kichwani huangaliwa. Maji hujaza nafasi kati ya kofia na ngozi ili sauti ipite, ndiyo maana huondolewa hewa yake kwanza. Yanapozwa na kuzungushwa kwa sababu fuvu nalo hunyonya sehemu ya nishati na kupata joto. Kati ya mpigo mmoja na mwingine mashine husubiri dakika kadhaa ili mfupa upoe. Utando wa silikoni hubana kwenye paji la uso ili maji yasimwagike.

CT hutoa kipimo kinachoitwa SDR. Fuvu lina tabaka mbili za mfupa mgumu na kati yake mfupa wenye vinyweleo na uboho. SDR ni uwiano wa msongamano wa lile la kati kwa msongamano wa lile gumu. Ukiwa karibu na 1, mfupa unafanana tangu nje hadi ndani na sauti hupita vizuri. Ukiwa mdogo, mawimbi hugonga mpaka baada ya mpaka na kupotea. Vituo vingi huchukua 0.40 kama kiwango cha chini, ingawa si ukuta. Wapo waliotibiwa chini ya hapo kwa shida na kwa nishati kubwa zaidi. Huwezi kumtazama mtu usoni ukajua SDR yake, na hakuna dawa wala mazoezi ya kuipandisha. Mgonjwa anayesafiri kufuata tiba hii anapaswa kufanyiwa CT kabla ya kukata tiketi, ushauri ambao vitabu haviuandiki lakini familia zitakushukuru.

Swali la 7 (alama 10). Eleza hatua za siku ya tiba tangu mgonjwa anapofungwa fremu hadi anaposhuka kitandani. Taja viwango vya joto na sababu ya kila kimoja.

Mgonjwa hunyolewa, kisha fremu hufungwa kichwani kwa pini nne baada ya sindano za ganzi kwenye ngozi. Wengi husema hapo ndipo palipouma kuliko kwingine kote. Fremu huunganishwa na kitanda cha MRI ili kichwa kisisogee hata milimita moja. Hapewi usingizi. Mkononi ana kitufe cha kusimamisha kila kitu wakati wowote, na hilo si la kumfariji tu, linafanya kazi.

MRI hupiga picha, na daktari huweka alama ya mahali palipolengwa: kiini cha Vim ndani ya thalamasi, upande ulio kinyume na mkono unaotibiwa. Kwenye MRI ya kawaida Vim haionekani ikijitenga na jirani zake. Hupatikana kwa kupima kutoka kwenye alama mbili zinazoonekana, komishua ya mbele na ya nyuma: robo ya umbali huo mbele ya komishua ya nyuma, milimita 14 hivi kutoka mstari wa katikati, na kwa wengi milimita 2 juu ya mstari unaoziunganisha. Vituo vingine huongeza picha za njia za nyuzi za neva.

Kisha inakuja mipigo, kila mmoja wa sekunde 10 hadi 30 au zaidi kidogo. Mipigo ya kwanza ni ya nguvu ndogo na hupandisha joto hadi nyuzi 40 hadi 45 za selsiasi. Haidhuru chochote. Kazi yake ni kuonyesha kwenye MRI kama sehemu iliyopata joto ndiyo iliyolengwa. Ikiwa imekengeuka milimita moja, hurekebishwa.

Hatua ya pili hufika nyuzi 46 hadi 50. Hapa chembe za neva huzimia kwa muda bila kufa. Ukiniuliza sehemu ya tiba hii inayostahili kusifiwa, nitakutajia hii kabla ya kofia na kompyuta. Mgonjwa hutolewa kidogo kwenye tundu la mashine, anapewa kalamu na ubao, na anaambiwa achore mduara wa konokono bila kuegemeza mkono, kisha mistari iliyonyooka, kisha aandike jina lake. Mchoro wa asubuhi, kabla ya chochote, mistari yake inagongana na kuingiliana, na kalamu imetoka nje ya karatasi mara mbili tatu. Kwenye mchoro wa sasa mizunguko inaanza kuachana. Daktari anamgusa midomo na vidole, anamwuliza kama anahisi ganzi, anamwambia atamke sentensi, anamwinua mkono na mguu. Mtetemo ukipungua na hakuna kingine kilichoharibika, mahali ni penyewe. Mtetemo usipopungua, au likatokea jambo jipya, kitovu husogezwa, na kilichozimia huamka.

Ndipo nguvu hupandishwa hadi nyuzi 55 hadi 60, na chembe hufa. Kidonda kinachobaki kina upana wa milimita 4 hadi 6. Baada ya kila mpigo mgonjwa huchora tena. Wakati wa mipigo mikali anaweza kuhisi kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu cha sekunde chache, mwandalie bakuli. Kazi nzima huchukua saa 2 hadi 4, kisha fremu hufunguliwa. Hakuna mshono.

Radiografa ataulizwa pia joto linapimwaje bila kipimajoto. Protoni za maji hubadilisha kidogo kasi ya mzunguko wake kadiri maji yanavyopata joto: sehemu 0.01 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Kwenye MRI ya tesla 3, ambako protoni huzunguka takriban mara milioni 128 kwa sekunde, hiyo ni kama hezi 1.3 kwa kila nyuzi. Mashine husoma badiliko hilo kila baada ya sekunde chache na kuchora ramani ya joto. Mafuta hayabadiliki hivyo, kwa hiyo kwenye tishu za mafuta ramani hiyo haifai.

Swali la 8 (alama 8). Wakati wa mpigo wa majaribio, wagonjwa wanne wanasema au kuonyesha yafuatayo. Sema kitovu kimekwenda wapi na utakisogeza upande gani: (a) "Midomo na vidole vimekufa ganzi." (b) Mkono umelegea na maneno yanakokota. (c) Mtetemo umeisha, lakini akigusa pua kwa kidole anakosea shabaha. (d) Hakuna kilichobadilika kabisa.

Chora thalamasi kwanza, hata vibaya. Mtahini hapimi uchoraji wako, anataka kuona unajua majirani wa Vim.

(a) Nyuma ya Vim kuna kiini kinachopokea hisia za mguso kutoka upande wa pili wa mwili, na sehemu za mdomo na vidole ziko karibu sana na mahali tunapolenga. Kitovu kimekwenda nyuma mno. Kisogeze mbele, milimita moja au chini yake, na ujaribu tena.

(b) Upande wa nje wa thalamasi inapita kapsuli ya ndani, barabara kuu ya amri za misuli kutoka gambani hadi kwenye uti wa mgongo. Kitovu kimekwenda nje mno. Kirudishe kuelekea katikati. Kosa hili ndilo la kuogopwa kuliko yote, kwa sababu ukiendelea hadi nyuzi 60 umempa mgonjwa kiharusi kwa mkono wako.

(c) Chini ya Vim zinaingia nyuzi zinazotoka serebelamu. Kuziathiri huondoa mtetemo vizuri, mara nyingine vizuri kuliko Vim yenyewe, na hapo ndipo mtego ulipo: daktari anaona mduara umenyooka, anafurahi, anapandisha nguvu. Mgonjwa anarudi nyumbani anayumba. Kitovu kiko chini mno, kipandishe. Mtu asiyempima mgonjwa shabaha ya kidole na pua, akatazama mtetemo tu, hatalijua hili hadi mgonjwa asimame.

(d) Kabla ya kusogeza chochote, tazama ramani ya joto. Je, nyuzi 46 zilifikiwa? Fuvu lenye SDR ndogo laweza kuzuia nishati, na mahali pakawa sahihi ila hapajapata joto. Ikiwa joto lilifika na bado hakuna badiliko, basi kitovu kiko nje ya Vim, na mara nyingi ni mbele mno.

Wapo wanaouliza kwa nini mkono wa kulia hutibiwa thalamasi ya kushoto ilhali serebelamu inayohusika ni ya kulia. Nyuzi kutoka serebelamu huvuka katikati ya ubongo kabla ya kufika thalamasi, na amri za gamba nazo huvuka tena zikishuka kwenye uti wa mgongo. Mivuko miwili: serebelamu na mkono hubaki upande mmoja, thalamasi upande wa pili.

Swali la 9 (alama 4). "Tiba hii haina kisu, kwa hiyo haina jeraha." Jadili.

Nusu ya kwanza ni kweli. Ngozi haikatwi, fuvu halitobolewi, hakuna kifaa kinachobaki mwilini, na hakuna mionzi inayong'oa elektroni kwenye atomi. Hatari ya maambukizi ya ubongo ni kama haipo.

Nusu ya pili si kweli, na mgonjwa aliyeambiwa hivyo amedanganywa. Lengo lote la tiba ni kutengeneza jeraha la kudumu ndani ya ubongo. Siku moja baadaye MRI hulionyesha wazi, limezungukwa na uvimbe wa maji unaoongezeka siku za kwanza na kupungua kwa wiki kadhaa. Uvimbe huo ndio unaoeleza kwa nini baadhi ya wagonjwa huyumba zaidi siku ya tatu kuliko walivyotoka hospitali, kisha hutengemaa. Chembe zilizouawa hazirudi. Fomu ya ridhaa iandikwe hivyo, kwa lugha anayoielewa mwenye kichwa.

Swali la 10 (alama 6). Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 katika jarida la New England Journal of Medicine, likiongozwa na W. Jeffrey Elias wa Chuo Kikuu cha Virginia, lilihusisha wagonjwa 76. Waliotibiwa walikuwa 56, waliopata tiba bandia 20. Alama za mtetemo wa mkono, kati ya 0 na 32, zilishuka kutoka 18.1 hadi 9.6 baada ya miezi 3 kwa waliotibiwa, na kutoka 16.0 hadi 15.8 kwa wengine. Baada ya miezi 12 nafuu ya waliotibiwa ilikuwa alama 7.2. (a) Kokotoa asilimia ya nafuu kwa miezi 3 na 12. (b) Tofauti kati ya makundi ni ngapi? (c) Kwa nini tiba bandia ilihitajika?

(a) 18.1 − 9.6 = 8.5, ukigawanya kwa 18.1 ni asilimia 47. Kwa miezi 12, 7.2 ÷ 18.1 ni asilimia 40. Andika pia kwamba nafuu ilipungua kidogo. Mwanafunzi anayenukuu 47 peke yake anamfanyia mgonjwa matangazo.

(b) Waliotibiwa walishuka 8.5, wengine 0.2. Tofauti ni 8.3.

(c) Kutetemeka hufuata hali ya moyo. Mtu akiwa na wasiwasi hutetemeka zaidi, akiwa na matumaini hutulia. Bila kundi la walionyolewa, wakafungwa fremu na kulala mashinani saa zile zile huku nishati haijawashwa, usingejua matumaini yamechangia kiasi gani. Jibu lilitoka kwenye ile 0.2.

Madhara nayo huulizwa. Asilimia 36 ya waliotibiwa walipata shida ya kutembea na asilimia 38 ganzi au kuwashwa-washwa. Baada ya mwaka mmoja walibaki asilimia 9 na 14. Hiyo 14 ni karibu mtu 1 kati ya 7, si kitu cha kupita kwa mkato.

Swali la 11 (alama 5). Linganisha tiba hii na kuchochea ubongo kwa umeme (DBS) na kisu cha gama.

DBS ilianzishwa kwa mtindo wa sasa huko Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987 na Alim-Louis Benabid na Pierre Pollak. Fuvu hutobolewa, waya huingizwa hadi Vim, na betri huwekwa chini ya ngozi ya kifua. Uzuri wake ni kurekebishika: mtetemo ukirudi unaongeza umeme, madhara yakizidi unapunguza, na mikono yote miwili hutibika. Ubaya ni hatari ya kuvuja damu na maambukizi, betri zinazohitaji kubadilishwa, na kuhudhuria kliniki yenye mtu anayejua kuirekebisha. Kwa anayeishi mbali na kliniki kama hiyo, hili la mwisho huamua mambo yote.

Kisu cha gama hutumia mionzi, hakina chale, na hakijali sana aina ya fuvu. Lakini matokeo huchukua miezi kuonekana, na hakuna hatua ya majaribio: huwezi kuzimisha kidogo uone. Ultrasaundi hutoa jibu mezani palepale, ila ikikosea baada ya nyuzi 60 hakuna kitufe cha kurudi.

Swali la 12 (alama 2). Nani alitumia kwanza ultrasaundi iliyokusanywa kwenye ubongo wa binadamu, na nini kiliikwamisha kwa miongo?

Ndugu William na Francis Fry wa Chuo Kikuu cha Illinois, wakishirikiana na daktari wa upasuaji Russell Meyers huko Iowa, miaka ya 1950. Walilazimika kufungua dirisha kwenye fuvu, kwa hiyo faida ya kutokata ilikuwa haipo, na hawakuwa na njia ya kuona joto. MRI na kompyuta za kusahihisha fezi zilifungua mlango; kazi ya Kullervo Hynynen na Ferenc Jolesz huko Boston itajwe. Mwaka 2009 kundi la Zurich liliripoti tiba ya maumivu sugu kupitia fuvu lisilofunguliwa.

Swali la 13 (alama 3). Kwa nini ruhusa ya kwanza ya FDA (mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani) kwa tiba hii, mwaka 2016, ilikuwa ya upande mmoja tu wa ubongo?

Uzoefu wa zamani wa kuunguza thalamasi zote mbili kwa waya wa umeme ulikuwa mbaya: wagonjwa walipoteza ufasaha wa kuongea, wakakabwa na chakula, wakayumba. Upande mmoja ukidhurika, wa pili hufidia. Pande zote mbili zikidhurika hakuna wa kufidia. Desemba 2022 FDA iliruhusu upande wa pili, kwa sharti kwamba ipite angalau miezi 9 tangu wa kwanza, ili uvimbe uishe na madhara ya kudumu yajulikane. Mkono unaotangulia kwa kawaida ni ule mgonjwa anaoandikia. Mtetemo wa kichwa na wa sauti hausikii vizuri tiba ya upande mmoja. Mwambie mapema, asije akafika akitarajia kuimba kwaya.

Swali la 14 (alama 2). Yupi kati ya hawa hafai kabisa kwa sasa? (a) mwenye miaka 81 na shinikizo la damu lililodhibitiwa; (b) mwenye betri ya moyo isiyoruhusiwa kwenye MRI; (c) mwenye SDR 0.52; (d) mwenye kisukari.

Ni (b). Umri mkubwa si kizuizi peke yake, na shinikizo likidhibitiwa anaendelea. Wengine wa kukataliwa ni anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asizoweza kuzisimamisha, mwenye hofu kali ya kufungiwa mahali pembamba, na asiyeweza kueleza anachohisi akiwa mashinani. Huyo wa mwisho husahaulika. Bila sauti yake, swali la 8 lote haliwezekani.

Swali la 15 (alama 3). Yule fundi cherehani alitibiwa thalamasi ya kushoto. Baada ya miaka 2 mkono wa kulia umeanza tena kutetemeka, si kama zamani lakini uzi haupiti. Mweleze.

Ugonjwa wake haukuponywa, na unaendelea taratibu kadiri miaka inavyosonga; pia kidonda huenda kilikuwa kidogo au kilikuwa pembeni kidogo ya Vim. Piga MRI uone kovu liko wapi, na uangalie tena dawa, ikiwemo ile salbutamoli. Tiba ya ultrasaundi inaweza kurudiwa upande ule ule, ingawa mara ya pili joto mara nyingi hupanda kwa shida zaidi. DBS bado iko wazi kwake. Kovu halizuii waya. Mwulize pia kama uzi ndio tatizo pekee, kwa sababu kama anakata kitambaa, anakula na kuandika vizuri, kipenyezea uzi cha dukani kinaweza kumtosha kwa sasa.